Maoni Juu ya Kitabu cha Dokta Masolwa

Jumamosi, 16 Novemba

Joto. Mvua bado.

Muhula mpya umeanza. Tuko ishirini na watatu darasani, wote watu wa kazi za mchana, tunasoma shahada ya uzamili ya fedha Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Mimi natoka ofisini Isikizya, uhasibu, na nimepanga chumba Isevya, hapa Tabora mjini. Wamenichagua tena kuwa mwakilishi wa darasa, kwa sababu hakuna mwingine aliyenyamaza muda wa kutosha kuchaguliwa.

Somo la Fedha za Makampuni anatufundisha Dokta Erasmus Masolwa, mtu wa Puge, miaka sitini na mmoja, mrefu, vifungo vya shati mpaka shingoni hata kwa joto hili. Leo aliingia na katoni kifuani. Ndani mlikuwa na nakala ishirini na tatu za kitabu alichoandika mwenyewe, zimedurufiwa kwenye duka la Alifya na kufungwa kwa waya wa plastiki. Kurasa mia nne na kumi na mbili, sura kumi na nne.

"Miaka tisa," alisema, akakipiga kiganja kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni.

Mchapishaji wa Dar yuko tayari kukitoa, ila anataka kwanza maoni ya wanafunzi waliokitumia muhula mzima. Kila mmoja atajaza fomu, bila jina, kwa lugha anayotaka. Nitazikusanya mimi, Dokta atazisoma, kisha zitakwenda.

"Msinionee huruma," alisema. "Kitabu kinachoonewa huruma hakisomwi mara ya pili."

Ijumaa, 22 Novemba

Sura ya kwanza. Nimechoka. Nishant, mwenzangu wa darasa, alinikaribisha chapati za nyumbani kwao wakati wa mapumziko. Anauza vifaa vya ujenzi na baba yake mzee Velji, na anasema kitabu kizuri ni kile kinachosimama chenyewe mezani. Hiki kinasimama.

Jumapili, 1 Desemba

Nimesoma sura ya pili na ya tatu tangu asubuhi, mpaka nikasahau maharage jikoni yakaungua.

Miaka sita iliyopita nilianza shahada hii Dar nikaishia njiani. Kitabu tulichotumia kilitoka ng'ambo, na mifano yake yote ilikuwa ya kampuni za ndege na za hoteli kubwa. Nilikariri kanuni kama mtoto wa madrasa anayekariri asichokielewa. Nilifeli, nikarudi, nikawaambia watu nilikosa ada. Ukweli ni kwamba niliamini sina akili.

Dokta anaanza na kikundi cha warina asali wa Sikonge. Wana uamuzi mmoja: wanunue mashine ya kukamulia mwaka huu, au wangoje msimu ujao? Kuanzia hapo anakushika mkono. Kiwango cha punguzo, kile cha kupima fedha za kesho kwa thamani ya leo, anakieleza kwa mzinga uliotundikwa leo ambao nyuki watauingia baadaye, au hawatauingia kabisa. Ukurasa wa 58 niliacha kusoma, nikakaa tu. Sikuwa mjinga. Hakuna aliyekuwa amenieleza.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua imekuja! Dokta alifundisha kwa kupiga kelele chini ya bati, tukacheka wote, na yeye akacheka.

Ijumaa, 27 Desemba

Ulyankulu, nyumbani. Barabara imeoza, pikipiki ilinibwaga mara moja kwenye tope. Tumbaku ya Baba imesimama vizuri.

Mimi na Baba tulikaa barazani mchana mvua ilipokatika. Anaitwa Teofili, alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na miaka kumi na mmoja. Akaniuliza hicho kitabu kinene kinasema nini. Nikamsomea ukurasa wa asali, nikiugeuza kwa lugha yetu ya nyumbani. Nikamwambia maana yake ni kwamba kitu cha leo kina thamani kuliko kilekile cha kesho.

"Umeenda chuo kujifunza hilo?" alisema. "Sisi tulilijua porini. Mama yangu aliacha shamba zima la migomba nyuma yake, akabeba sufuria moja."

Kisha akaligonga jalada kwa kidole. "Mtu huyo anaandika vizuri lakini. Msalimie."

Ijumaa, 10 Januari

Jaribio la katikati ya muhula limerudi. Nimepata thelathini na nane.

Sikuelewa. Nilifanya mazoezi yote ya sura ya tisa na ya kumi, nikahakiki kila jibu nyuma ya kitabu. Nishant alipata thelathini na moja. Alinivuta pembeni.

"Dada Stela, fungua 247. Sasa fungua 263."

Zilikuwa aya zilezile. Kiwanda kilekile cha kukamua alizeti, meneja yuleyule, swali lilelile. Ila ukurasa wa 247 jibu ni moja na wa 263 jibu ni jingine, na yote mawili si sahihi. Tukaendelea kufunua. Sura ya kumi na moja inaahidi kueleza gawio, halafu inaeleza muundo wa mtaji, ambao ulishaelezwa katika ya nane. Sura ya kumi na mbili kiwanda cha alizeti kinarudi mara ya tatu.

"Huyu jamaa anatuuzia kopi na pesti," Nishant alisema.

Jumapili, 12 Januari

Nimejaza fomu yangu. Kwa hasira, najua. Ofisi inanilipia ada kwa sharti la kufaulu, na sitaki kurudi nyumbani mara ya pili na uongo mwingine mdomoni. Kwenye nafasi ya maoni mengine niliandika:

"Sura nane za mwanzo ni bora kuliko kitabu chochote nilichosoma. Kuanzia ya tisa mwandishi hajisomi. Asiyejisoma hana haki ya kutuomba tumsome."

Niliisoma tena nikaiona kali na nzuri. Nimeiacha.

Ijumaa, 17 Januari

Fomu kumi na nne zimefika. Mvua.

Nimezipitia, ingawa labda sikupaswa. Mmoja anasema kitabu ni kizito kama gunia la mpunga lililolowa. Mwingine: "Sura ya nne nimeisoma mara tatu, ya tatu ndipo nilipofurahi." Mwingine anauliza kwa nini hakuna mfano hata mmoja wa Kigoma. Wanane wametaja kurasa zinazojirudia. Mmoja ameandika neno moja tu, "Aibu."

Jumamosi, 25 Januari

Sijui niandikeje leo.

Dokta aliingia saa tatu, akatusalimia, akafuta ubao, akaandika kichwa cha somo: Gharama ya Mtaji. Ni somo la Jumamosi iliyopita. Tukadhani anarudia kidogo kabla ya kuendelea. Hakuendelea. Alifundisha lote, sentensi kwa sentensi. Alifika kwenye utani wake wa mkopeshaji na mbuzi, akasubiri tucheke.

Nyuma mtu alicheka, si kwa utani. Mwingine akasema kwa sauti, "Dokta, hii si ulitufundisha wiki iliyopita?"

Dokta aligeuka akatazama ubao. Aliutazama muda mrefu, kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta samani za watu wengine. Mkono wake wenye chaki ulikuwa bado juu.

"Ndiyo," alisema. "Marudio ni muhimu."

Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, niliyekaa mbele kabisa: "Stela, leo tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akaiandika kwenye kona ya ubao na kuipigia mstari. Hakuna aliyecheka tena. Tulinakili somo zima upya kwenye madaftari yetu, watu wazima ishirini na watatu, bila mtu kututuma.

Jumapili, 2 Februari

Mvua kubwa tangu adhuhuri. Saa tisa nilisikia hodi. Mlangoni alisimama mama mmoja chini ya mwavuli uliopinda, kitenge kimelowa mpaka magotini, mkononi kifuko cha karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Leonia. Mke wa Dokta Masolwa."

Nilimpa kanga kavu na chai. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na alikaa kama wanavyokaa walimu, mgongo wima, kikombe katikati ya mapaja. Aliuliza habari za kazi, za wazazi, za Ulyankulu. Halafu akaweka kikombe chini.

"Nimekuja kwa ajili ya zile fomu."

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Zimesema vibaya?"

"Zimesema ukweli, mwalimu. Nusu ya kitabu ni nzuri sana. Kuanzia sura ya tisa..."

"Najua kuanzia sura ya tisa. Mimi ndiye niliyechapa." Alitazama mikono yake. "Yeye anaandika kwa kalamu, mimi nachapa kwenye kompyuta. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Siku moja alinipa kurasa za kiwanda cha alizeti. Nikazichapa. Baada ya wiki mbili akanipa tena, ameandika upya kwa mkono wake, kila neno jipya kwake. Amefurahi, Stela! Ananiambia, 'Mke wangu, leo nimepata mfano mzuri kweli.' Ningemwambiaje?"

"Ukazichapa tena."

"Nikazichapa tena. Na mara ya tatu."

Walikwenda hospitali Dar mwaka juzi, aliendelea. Daktari aliwaeleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utakwenda mbele tu, haurudi nyuma. Waliporudi Tabora, Dokta hakutaja safari ile tena. Mke wake hajui kama alikataa kuikumbuka au alishaisahau.

"Chuo hakijui?"

"Hakijui. Mkataba wake unaisha Julai. Nilisema tufike Julai tu." Akanishika kifundo cha mkono. "Ziandike upya, mwanangu. Si zote. Zile kali tu. Hazina majina, nani atajua? Aone watoto wake wamempenda. Baada ya hapo, hata akisahau, atakuwa ameshaona."

Nilisema nitafikiri. Aliondoka mvua ikiendelea, hakutaka kungoja. Karanga ameziacha mezani.

"Asiyejisoma hana haki." Hiyo ni sentensi yangu. Tangu ameondoka naisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Nilipita dukani kwa mzee Velji jioni, nikamwita Nishant nje, nikamweleza.

"Mimi nilisema kopi na pesti," alisema.

"Hukujua."

"Sikujua." Alikuwa anavunjavunja kipande cha saruji kavu kwa vidole. "Lakini, dada, fomu za wenzetu si zako. Mtu kakuamini kakupa neno lake. Ukiliandika upya, umemwibia yeye na umemdanganya mzee. Na kitabu kikitoka hivi, kila mwaka darasa jipya litamcheka. Wewe unataka hivyo?"

"Nataka asiumie."

"Ataumia tu. Sema lini, na mbele ya nani."

Nilimjibu kwamba ni rahisi kusema ukiwa umesimama mlangoni pa duka la baba yako. Nikajuta hata kabla sijafika nyumbani.

Ijumaa, 7 Februari

Sijaandika upya hata moja. Lakini yangu nimeitoa kwenye bahasha, nimeiweka chini ya godoro.

Jumamosi, 8 Februari

Baada ya kipindi Dokta aliniita ofisini. Ni chumba kidogo, dirisha moja, na kila mahali pamebandikwa karatasi ndogo za njano: FUNGUO DROO YA KUSHOTO. IJUMAA SAA 11 JIONI. Moja imeandikwa STELA NI MWAKILISHI. Niliiona na yeye akaniona nikiiona.

"Maoni," alisema, akanyoosha mkono.

Nilimpa bahasha. Alizisoma moja moja, kalamu mkononi, taratibu, akitia alama pembeni kama anasahihisha mitihani. Ile ya gunia la mpunga alitabasamu. Ya Kigoma akasema, "Ana haki." Alipofika kwenye "Aibu" alikaa nayo kidogo, akaiweka chini ya nyingine. Halafu fomu za kurasa zinazojirudia zikaanza kufuatana.

Alichukua kitabu. Akafungua 247. Akaweka kidole. Akafungua 263. Akaweka kidole kingine. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mimi nikatazama nje kwa sababu sikuweza kutazama uso wake.

"Hii hapa," alisema, "nakumbuka asubuhi niliyoiandika." Akagusa 263. "Na hii pia nakumbuka asubuhi yake."

Akakifunga kitabu, vidole vyote viwili vikiwa bado ndani.

"Leonia alichapa zote mbili?"

"Ndiyo, Dokta."

"Alijua?"

Ningeweza kusema sijui. "Alijua."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Kisha akasema, "Yako haimo humu. Nakufahamu unavyoandika. Mitihani yako nimeisahihisha muhula mzima, na hilo bado ninalo. Wewe umeandika nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, maana nilikuwa nimeikariri bila kutaka.

"Mwandishi hajisomi," alirudia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mgonjwa anayejaribu jina la ugonjwa wake mdomoni. "Najisoma, Stela. Najisoma kila siku. Halafu ukurasa unaondoka."

Nililia pale kitini kama mtoto. Yeye akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniomba nimsindikize hadi getini kwa kuwa mvua ilikuwa imefuta njia aliyoizoea.

Jumatatu, 10 Februari

Mwalimu Leonia alinipigia nikiwa kazini. Nilijua atanilaumu. Alisema maneno machache tu: "Jana aliniuliza kwa nini nilimdanganya. Nikamwambia. Tulikaa mpaka chakula kikapoa. Leo asubuhi ameniuliza tena kwa nini nilimdanganya."

Akakata simu.

Jumamosi, 15 Februari

Dokta alikuja darasani na mke wake, akasimama mbele yetu amevaa suti. Alisema ni mgonjwa, akautaja ugonjwa kwa jina, akasema amekwisha kukiambia chuo, na kwamba mwalimu mwingine atatumalizia muhula. Aliomba radhi kwa wote waliofeli jaribio kwa majibu yake, alama zitafutwa.

"Niliwaambia msinionee huruma," alisema. "Hamkunionea. Ahsanteni."

Darasa lilisimama. Nishant alikuwa wa kwanza kwenda kumshika mkono, akaushika kwa mikono yote miwili na kuinama.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeandika fomu yangu upya, mara ya pili, na kumpelekea mwenyewe nyumbani kwake Cheyo. Sikufuta lile la sura nane. Nilifuta lile la haki. Pembeni nikaongeza salamu za Baba, ambazo nilikuwa nimezisahau tangu Desemba.

Kisha nikawapa wazo: tukate. Sura nane, kitabu kidogo. Dokta alikataa. Baada ya chai akakubali. Wakati wa kuaga akakataa tena, kwa sababu zilezile, kwa maneno yaleyale, na Mwalimu Leonia akamsikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Amekubali, na ameandika kwa mkono wake, na kusaini. Karatasi tumeibandika ukutani mbele ya meza yake. Mchapishaji tumemwandikia, na fomu zote tumezitia kwenye bahasha.

Jumamosi, 15 Machi

Cheyo tena. Dokta anasoma kwa sauti, Mwalimu Leonia anachapa masahihisho, mimi nahakiki hesabu. Nishant amekuja kuhakiki mahesabu yangu. Leo Dokta alikamata kosa langu kwenye sura ya sita kabla sijamaliza sentensi. "Umesahau kodi, mama!" Akafurahi mchana mzima.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua haikatiki. Hakuweza kufanya kazi. Aliuliza mara nne kama mchapishaji amejibu.

Jumamosi, 29 Machi

Sura ya nane imekwisha. Hakuna aliyesema tumemaliza. Mwalimu Leonia alifunga kompyuta, akaifunika kitambaa, akaenda jikoni na hakurudi kwa muda.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefaulu. Sitini na tisa. Nilimpigia Baba, akauliza, "Na yule mtu wa asali, hajambo?"

Jumatano, 23 Aprili

Mchapishaji amejibu. Watakitoa mwakani, sura nane. Barua inasema kilichowavuta ni maoni ya wanafunzi, yaliyoandikwa kwa ukweli usio wa kawaida. Nilimsomea Mwalimu Leonia kwenye simu. Alisema ahsante, kisha akasema wanahama, wanarudi Puge kwa ndugu zake. Tabora inampotea Dokta. Juzi walimkuta stesheni, akiulizia treni ya kwenda kusoma.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Puge. Mvua zimekwisha kabisa, mahindi yanavunwa, vumbi limeanza.

Nilimkuta Dokta amekaa kivulini kwa ukuta, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa heshima anayopewa mgeni. Nilimwonyesha barua. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Huyu mwandishi amebahatika."

Mwalimu Leonia na mimi tulibangua karanga. Amekonda. Aliniambia jambo ambalo sikumuuliza.

"Siku ile nilipokuja kwako na mvua, nilisema nimekuja kwa ajili yake. Si kweli. Yeye angestahimili. Mimi ndiye niliyetaka asubuhi zile ziendelee. Anaandika, nachapa, ananiambia nimekosea herufi. Hata ukurasa uleule. Ningeuchapa mpaka nife."

Nilimwomba radhi kwa kusema "alijua". Alinizuia kwa mkono wenye maganda. "Ulisema ukweli. Ila usiniombe nikushukuru."

Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Dokta aliinuka, akasema lazima amsindikize mgeni mpaka barabarani. Tulitembea yeye akinishika mkono, na Mwalimu Leonia akitufuata nyuma hatua tatu, ameshika kofia yake.

"Unaelekea wapi, binti?"

"Tabora, Dokta."

Alisimama. Uso wake ulichangamka kabisa, nikadhani amenikumbuka.

"Tabora nina mke huko," alisema. "Anachapa kitabu changu, yuko peke yake. Ukimwona, mwambie nimechelewa tu. Mwambie nakuja."

Sikugeuka nyuma. Nilisikia hatua za Mwalimu Leonia zimesimama.

"Nitamwambia," nilisema.